Froude, mhandisi aliyesaka dawa ya kuyumba kwa vyombo

Na Mwandishi Wetu, Nansio

MAMA achotaye maji ziwani hutia majani juu ya ndoo kabla ya kujitwisha, ili maji yasisukesuke na kumlowesha. Hekima hiyo hiyo ndiyo iliyomshughulisha Mwingereza William Froude kwa zaidi ya miaka 20.

Froude alizaliwa Novemba 28, 1810, huko Dartington, Devon. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akajenga reli chini ya mhandisi maarufu Isambard Kingdom Brunel. Mwishoni mwa miaka ya 1850, Brunel alipokuwa akiunda meli kubwa ya Great Eastern, alimwomba achunguze namna meli inavyoyumba baharini.

Mwaka 1861 Froude alitoa maelezo yaliyowashangaza waundaji wa meli. Alionyesha kuwa kila meli ina mwendo wake wa asili wa kuyumba ubavu kwa ubavu. Mawimbi yakipiga kwa mwendo huo huo, kila pigo huongeza la kwanza, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea, hata wimbi dogo likaweza kuilaza meli kubwa.

Dawa yake ilikuwa mikuku myembamba ifungwayo pande zote mbili za tumbo la meli. Mikuku hiyo huyakata maji na kuyavuruga, na nguvu ya kuyumba ikapotelea humo. Katika majaribio, HMS Greyhound iliyofungwa mikuku iliyumba kidogo kuliko mwenzake HMS Perseus isiyokuwa nayo.

Serikali ya Uingereza ilimpa pauni 2,000, naye akajenga karibu na nyumba yake mjini Torquay birika lenye urefu wa mita 85 hivi. Kuanzia mwaka 1872 alivuta humo vielelezo vidogo vya meli. Kanuni yake ya kulinganisha mwendo, urefu na nguvu ya uvutano iliwezesha kielelezo kidogo kueleza tabia ya meli nzima. Leo inaitwa namba ya Froude.

Baada ya kufiwa na mkewe, alisafiri hadi Afrika Kusini, akafariki kwa kuhara damu Simon's Town, Mei 4, 1879. Mwanawe, Robert Edmund, aliiendeleza kazi.

Kazi hiyo ilifika mbali kuliko bahari. Roketi ya Saturn V ilibeba katika sehemu yake ya kwanza zaidi ya tani 2,000 za mafuta na oksijeni kimiminika. Kimiminika kikisukasuka tangini, huisukuma roketi, mitambo ya uongozaji huirekebisha, na marekebisho hayo yanaweza kuzidisha msukosuko. Wahandisi hupima hali hiyo kwa matangi madogo wakitumia namba ya Froude, kisha hufunga vizuizi ndani ya matangi vifanyavyo kazi ile ile ya mikuku.

Gharama ya kuvikosa ilionekana Machi 2007, roketi ya Falcon 1 ilipopoteza mwelekeo kwa sababu ya kusukasuka huko na kushindwa kufika kwenye mzunguko wake.

Kwa wakazi wa Ukerewe, somo hili si la angani tu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, kisiwani Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Kivuko hicho kilichotengenezwa kwa abiria 101 kilikuwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo.

Mzigo usiotulia, uwe maji, mafuta au watu wanaokimbilia upande mmoja, huelekea pale chombo kinapoinamia na kukiinamisha zaidi. Mikuku haiwezi kuokoa chombo kilichozidishiwa mzigo. Hesabu za Froude husaidia pale tu anayepakia anapoheshimu kipimo kilichowekwa.