Louis Renault na Breki ya Dramu

Jina la Renault twalisoma juu ya motokaa, lakini mwenye jina hatumjui. Nimependa kuandika maisha yake kwa kuwa breki aliyoianzisha ilisimamisha malori ya pande zote mbili katika Vita Kuu ya Pili, na kwa kuwa malori ndiyo yaliyomponza.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 12 Februari, 1877. Baba yake alikuwa tajiri, mfanya biashara ya nguo na vifungo. Kijana hakuvutwa na masomo bali na mashine (katika hili, wenzangu, msimwige). Mwaka wa 1898 alitengeneza motokaa yake ya kwanza katika kibanda cha bustani ya wazazi wake, huko Billancourt. Mkesha wa Noeli aliipandisha mtaa wa Lepic, kilima kikali mjini Paris, na watu walioona wakaagiza gari 12. Mwaka uliofuata ndugu zake, Marcel na Fernand, walifungua kampuni. Marcel alikufa katika mashindano ya motokaa mwaka 1903, na Fernand akafariki mwaka 1909. Louis akabaki peke yake.

Breki yake ilitokea mwaka 1902. Zamani zile motokaa nyingi zilisimamishwa kwa ukanda au kipande kilichobana kwa nje, na tope likiingia breki iliteleza. Renault aliificha breki ndani. Gurudumu hufungwa chombo cha chuma mfano wa ngoma, ndiyo dramu, nacho huzunguka pamoja nalo. Ndani yake mna shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, zisizozunguka. Dereva akikanyaga, shuu hutanuka na kusugua dramu. Akiachia, springi huzirudisha. Jambo lililonishangaza ni hili: dramu likizunguka huikokota shuu ya mbele na kuikaza zaidi, hata gurudumu lenyewe likamsaidia dereva. Kwa lori lenye shehena msaada huo si mdogo. Ila kwenye mteremko mrefu dramu hupata moto, likatanuka na kuzikimbia shuu, na breki ikalegea. Kwa hiyo dereva mwenye busara hushuka kwa gea nzito.

Mwanzoni shuu zilisukumwa kwa nguvu za mguu, kupitia fito na waya. Baadaye ikawa kwa mafuta ya breki. Lori la GMC la Marekani, la tani 2 na nusu, lilikuwa na breki ya mafuta na dramu katika kila ekseli.

Mwaka 1914 teksi za Renault zilipeleka askari vitani Marne, na mwaka 1917 alitoa kifaru kidogo cha FT. Wafaransa wakamheshimu sana. Lakini Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, karakana zake ziliwatengenezea maelfu ya malori. Wengine walimwita msaliti. Wengine walisema aliogopa mitambo na wafanyakazi wake wasichukuliwe Ujerumani. Mimi naona lori la adui ni silaha, ingawa halina bunduki; hata hivyo mtu hastahili kuhukumiwa kabla hajasikilizwa.

Naye hakusikilizwa. Malori ya GMC yalipowaleta Wamarekani Ufaransa mwaka 1944, Renault alikamatwa mwezi Septemba, akafa tarehe 24 Oktoba kabla ya kesi. Januari 1945 serikali ikaitwaa kampuni yake.