Lis Hartel: Polio haikumshusha kwenye farasi

Bariadi wamezoea punda na ng'ombe wa kulimia. Farasi wanamuona kwenye simu tu. Ila stori ya Lis Hartel wa Denmark inawahusu watu wenye ulemavu kokote waliko.

Alizaliwa 1921. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, polio ikampooza. Mtoto alizaliwa salama, lakini miguu ya Lis, kuanzia magotini kushuka chini, haikupona. Akarudi kwenye farasi hivyo hivyo, akisaidiwa kupanda na kushuka.

Olimpiki ya Helsinki 1952 alishindana na wanaume akatwaa medali ya fedha. Mwaka 1956 akaichukua tena.

Mfano wake ulisukuma mbele tiba ya kupanda farasi: mwendo wa mnyama hutikisa nyonga za mpandaji kama vile anatembea. Alifariki 2009.