Mbuzi wa Malta na homa ya brusela

Kama unaamini mbuzi aliyenona hawezi kukuletea ugonjwa, msikie daktari Themistocles Zammit, aliyezaliwa Malta mwaka 1864. Kisiwani kwao mbuzi walipitishwa mitaani na kukamuliwa mlangoni kwa mteja. Wakati huo askari wa Uingereza waliokuwa huko walilazwa wiki nyingi kwa homa ya kupanda na kushuka, jasho na maumivu ya viungo. David Bruce alishagundua bakteria wake mwaka 1887, ila walikotoka hapakujulikana.

Mwaka 1905 Zammit akapima damu ya mbuzi. Walionekana wazima kabisa, tena wenye maziwa, kumbe wengi walibeba maambukizi, na bakteria walitoka kwenye maziwa yenyewe. Mwaka uliofuata jeshi likakataza maziwa hayo, na homa ikapungua sana kambini. Raia walioendelea kuyanywa mabichi waliendelea kuugua. Zammit, ambaye pia alichimbua mahekalu ya kale ya Tarxien, alifariki mwaka 1935.

Homa hiyo ndiyo brusela. Chemsha maziwa ya mtoto, hata ya mbuzi wako mwenyewe. Ukiugua homa isiyoisha, mwambie daktari kama ulikunywa maziwa mabichi, kwani ni rahisi kudhani ni malaria.