Meinertzhagen na Vikaratasi Vyake

Richard Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika ukoo wa matajiri wenye benki. Tangu utotoni alipenda ndege. Aliingia jeshini mwaka 1899, akatumwa Bara Hindi, na mwaka 1902 akaja Kenya kuwa ofisa wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Huko alipata mabaki ya nguruwe mkubwa mweusi wa msituni. Wenyeji walimjua tangu zamani, ila wataalamu wa Ulaya hawakumjua. Mabaki hayo yalipelekwa London, na mwaka 1904 Oldfield Thomas akampa mnyama huyo jina la Hylochoerus meinertzhageni.

Jina lake lakumbukwa Kenya kwa jambo jingine. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa miaka kumi, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikuja kuonana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, naye akapigwa risasi akafa. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa ametegewa mtego. Wanandi husema kiongozi wao aliuawa kwa hila. Mabaraza ya jeshi hayakumtia hatiani, lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alirudia ndege, kisha akaongeza kazi ya ajabu: kukusanya chawa wao. Alifanya kazi hiyo pamoja na jamaa yake, Bi Theresa Clay, aliyekuwa bingwa wa elimu hiyo. Chawa hawa hawanyonyi kama chawa wa mwilini mwa watu, bali wengi hutafuna manyoya. Hawana mabawa, na maisha yao yote hupita juu ya mwenyeji wao. Kwa hiyo mara nyingi kila aina ya chawa ina ndege wake.

Chawa akiisha kukusanywa hukazwa juu ya kipande cha kioo, na kando yake hubandikwa kikaratasi: ametoka kwa ndege gani, mahali gani, siku gani, na nani aliyemkamata. Yule ambaye kwa huyo aina mpya ilipewa jina huwekwa kama kielelezo cha asili. Wataalamu wakibishana, hata baada ya miaka mia, humrudia yeye. Kikaratasi kikisema uongo, mabishano hayo hayawezi kwisha.

Mwaka 1954 Meinertzhagen aliwapa Makumbusho ya Uingereza ngozi za ndege kama 20,000. Alifariki tarehe 17 Juni 1967, akiwa na heshima kubwa.

Lakini mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kwamba baadhi ya ngozi hizo ziliibwa katika makumbusho yale yale, zikabandikwa vikaratasi vipya. Bi Pamela Rasmussen na Robert Prŷs-Jones wakaendelea kuchunguza. Waliona kwamba kila mtengenezaji ana namna yake ya kushona ngozi na kuijaza pamba, na mkono huo haufichiki. Bundi mmoja mdogo wa Bara Hindi, aliyeandikwa kuwa alipatikana Gujarat mwaka 1914, kumbe alikamatwa na James Davidson katika karne iliyotangulia. Rasmussen na wenzake walikitupilia mbali kikaratasi kile, wakaenda mahali pa vielelezo vya kweli, na Novemba 1997 wakamwona bundi huyo akiwa hai, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Shajara zake nazo zimeonekana kuwa zilichapwa upya baadaye. Hapo ndipo hasara yetu ilipo. Ngozi ya bundi yaweza kufumuliwa ikatoa ushahidi. Siku ile ya Nandi haifumuliki. Aliyeiandika ndiye aliyeshika bunduki, na kalamu yake twaijua. Basi masimulizi ya wazee wa Kinandi yasikilizwe kwa makini, nasi tunapoandika tarehe na mahali juu ya jani au mdudu wa maabara, tuandike yaliyo kweli, maana atakayesoma hatakuwa na njia ya kutuuliza.