Bwana Akeley na Ngagi wa Mikeno

Nyuma ya Nyiragongo, mlima wa moto, umesimama mlima Mikeno. Katika msitu wake hukaa gorila, ambao sisi twawaita ngagi.

Carl Akeley alizaliwa Marekani mwaka 1864, mtoto wa mkulima. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa, hata waonekane kama wazima katika nyumba za makumbusho. Alikuwa fundi hodari, tena mkaidi. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, alimwua chui kwa mikono mitupu. Mwaka 1910 tembo alimponda karibu na Mlima Kenya, wala hakufa.

Mwaka 1921 alipanga safari ya kuwatafuta ngagi. Hakuondoka ovyo. Alichukua bunduki, plasta ya kutwaa sura za wanyama, na chombo cha kupigia sinema alichokibuni mwenyewe. Katika wenzake wa safari alikuwamo hata msichana wa miaka sita! Akafika kwa Mapadri Weupe wa Lulenga, chini ya Mikeno, kisha akaingia msituni pamoja na wenyeji waliojua njia.

Ngagi watano waliuawa. Akeley alipomtazama mmoja usoni, moyo ulimchoma kana kwamba ameua mtu. Alikuwa amesikia kwamba ngagi ni mkali mno. Sasa akaona mnyama mpole, mla majani, asiyemtafuta mtu. Akatambua pia kwamba wawindaji wakizidi kuja, ngagi wataisha. Basi yule yule aliyewaua akaanza kuwatetea mbele ya wakubwa wa Ubelgiji. Mfalme Albert alikubali, na tarehe 21 Aprili 1925 Mbuga ya Albert ikawekwa. Leo yaitwa Virunga. Lakini wenyeji waliowinda na kuchunga humo hawakuulizwa, na magomvi hayakukosa.

Baadaye mipaka ilisogezwa hata ziwa Edward. Huko Ishango, mto Semliki unapotoka ziwani, Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa mdogo uliochanjwa mistari na watu wa kale, yapata miaka 20,000 iliyopita.

Akeley hakuyaona hayo. Mwaka 1926 alirudi pamoja na mkewe Mary, ili kuwachunguza ngagi. Homa ikamshika njiani. Hata hivyo alipanda, mwishowe akibebwa na wapagazi, mpaka Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Huko alikufa tarehe 17 Novemba, mwenye miaka 62. Walimzika papo hapo, penye baridi na ukungu. Mkewe hakushuka mara moja. Alibaki kule juu akaendelea na kazi.