Maccaferri: Fundi aliyeishusha ukulele hadi mfukoni mwa kila mtu

ANAYETAFUTA ukulele yake ya kwanza, au ya kutia begani anapokwenda safari, huulizwa swali moja dukani: yuko tayari kulipa kiasi gani? Akitoa fedha kidogo, hupewa ya mbao isiyoshika sauti, na baada ya wiki mbili chombo hutundikwa ukutani.

Mtu aliyelivalia njuga tatizo hilo kuliko wengi alikuwa Mtaliano aitwaye Mario Maccaferri, mpiga gitaa aliyepoteza uwezo wa kupiga, akageuka kuwa mtengenezaji wa plastiki.

Maccaferri alizaliwa Mei 20, 1900 katika mji wa Cento, karibu na Bologna, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1911, angali mtoto, alipelekwa kujifunza kazi kwa Luigi Mozzani, fundi mashuhuri wa vyombo vya nyuzi ambaye pia alikuwa mpiga gitaa hodari.

Kwa Mozzani alipata mambo mawili kwa pamoja: mkono wa seremala na sikio la mwanamuziki. Baadaye alisoma muziki mjini Siena, na katika miaka ya 1920 alizunguka Ulaya akitoa maonyesho. Wajuzi wa gitaa la kizungu la kale walimweka katika safu moja na Mhispania Andrés Segovia.

Alipohamia London alifundisha gitaa huku akibuni magitaa ya aina mpya. Kampuni ya Selmer ya Ufaransa, iliyojulikana kwa saksafoni zake, ilivutiwa na michoro yake, na mwaka 1932 ikaanza kuyatengeneza katika kiwanda chake karibu na Paris.

Ubia huo haukudumu. Mwaka 1933 Maccaferri aliondoka Selmer, lakini magitaa yaliyotokana na ubunifu wake yalibaki na kupata umaarufu mikononi mwa Django Reinhardt, gwiji wa jazi aliyeishi Ufaransa.

Mwaka huohuo msiba mkubwa zaidi ulimpata. Aliumia mkono katika bwawa la kuogelea, na maisha yake ya jukwaani yakafikia ukingoni. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu.

Mwingine angekata tamaa. Yeye aligeukia biashara ndogo ya kutengeneza ndimi za matete, zile zinazotetemeka katika mdomo wa klarineti na saksafoni. Mwaka 1939, vita vikibisha hodi Ulaya, alihamia Marekani na mkewe Maria na kuendelea na kazi hiyo mjini New York.

Vita vilipopamba moto, matete bora yaliyokuwa yakitoka Ufaransa yalikatika. Maccaferri akajaribu kutengeneza ndimi hizo kwa plastiki, na zikafaa. Benny Goodman, bingwa wa klarineti, alikuwa miongoni mwa waliozikubali.

Kutoka hapo alitengeneza vibanio vya kuanikia nguo na vigae vya ukutani, vyote vya plastiki. Vitu hivyo vya kawaida vilimpa fedha, na zaidi ya fedha vilimpa ujuzi: namna ya kuiyeyusha plastiki, kuisukuma katika kalibu ya chuma kwa nguvu na kutoa maelfu ya vipande vinavyofanana bila kupishana hata unywele.

Ujuzi huo ndio aliouleta kwenye ukulele. Chombo hiki chenye nyuzi nne kilizaliwa Hawaii, baada ya mafundi wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira kushuka Honolulu mwaka 1879 na vigitaa vyao vidogo. Marekani kiliwahi kupendwa sana katika miaka ya 1920, kisha kikasahauliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtangazaji maarufu wa redio na televisheni, Arthur Godfrey, alikifufua kwa kukipiga mbele ya mamilioni ya watu. Wengi walitaka kujifunza, lakini ukulele nzuri za mbao ziliwashinda bei, na za bei ndogo hazikuwa na sauti.

Mwaka 1949 Maccaferri alitoa ukulele ya plastiki aliyoiita Islander, iliyotengenezwa kwa polistirini ya kampuni ya Dow na kufungwa nyuzi za nailoni. Iliuzwa kwa dola 5.95. Godfrey aliisifia hewani, na maagizo yakamiminika kiwandani.

Siri yake haikuwa bei peke yake. Katika ukulele, freti, yaani vile vijiti vinavyokatiza shingo, zikikaa kombo kidogo tu, kila noti hupotoka. Kwenye mbao fundi hulazimika kuzipima na kuzipachika moja moja. Kwa Maccaferri vipimo vilichongwa mara moja katika kalibu, hivyo chombo cha kwanza na cha laki moja vilikuwa na shingo ileile.

Kwa hiyo mtoto aliyenunuliwa Islander alipata chombo kinachotuni. Wale waliotaka njia ya mkato waliuziwa pia kifaa chenye vitufe cha kubana shingoni, ambacho kilikandamiza nyuzi kwa niaba ya vidole.

Inakadiriwa kuwa ukulele milioni tisa hivi za plastiki zilitoka mikononi mwake kwa aina mbalimbali. Hata hivyo hazikukosa kasoro: polistirini huvunjika ikianguka, na hupinda ikiachwa juani.

Mafanikio hayo yalimpa ujasiri wa kutengeneza magitaa ya plastiki mwaka 1953. Aliyachukulia kuwa vyombo vya kweli, lakini wanamuziki waliyaona kama vitu vya kuchezea watoto. Soko likayakataa, na mengi yakabaki ghalani kwa miaka.

Kukataliwa huko kulimuuma, kwani yeye mwenyewe alikuwa msanii wa daraja la juu. Hakukoma. Uzeeni alitumia miaka na fedha nyingi kuunda violini ya plastiki, na mwaka 1990 iliwekwa mbele ya wasikilizaji katika jengo la Carnegie Hall, New York.

Maccaferri alifariki dunia Aprili 16, 1993 katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 92.

Leo ukulele za plastiki zimerudi madukani, mfano Waterman ya kampuni ya Kala, isiyoogopa maji wala mchanga wa ufukweni. Anayenunua ya kwanza na afuate kipimo cha mzee huyo: apige kila uzi ukiwa wazi, kisha aubane katika freti ya 12. Noti ikirudi ileile, juu kwa oktavu moja, na funguo zikashika nyuzi bila kulegea, chombo hicho kinafaa, kiwe cha mbao au cha plastiki.

Ikipotoka, bei ndogo haitakuwa nafuu.