BRUCE LEE: ZAIDI YA MATEKE

Ni nani katika shule hii asiyemjua Bruce Lee? Kutoka Kericho hadi Litein, Sotik na Bomet, hata watoto wadogo hurusha mateke wakilitaja jina lake. Lakini wengi wetu tunajua mateke tu, maisha yake hatuyajui.

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 huko San Francisco, Marekani, akalelewa Hong Kong. Baba yake alikuwa mwigizaji wa opera ya Kichina. Katika ujana wake alifunzwa kupigana kwa mtindo wa Wing Chun na mzee Yip Man. Tena alikuwa hodari wa densi. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya cha-cha. Mwaka uliofuata alirudi Marekani, na baadaye akafungua shule ya kung-fu mjini Seattle.

Mwaka 1964 alipambana na Wong Jack Man huko Oakland. Pambano lilikuwa la dakika chache tu, lakini Bruce alijiona amekwisha pumzi. Akatambua kwamba ufundi bila pumzi ni kazi bure. Basi akazidisha mazoezi: kukimbia, kuruka kamba, kuendesha baiskeli na kuinua vyuma.

Mwaka 1970 balaa likamfika. Aliweka chuma cha kilo 57 hivi mabegani, akainama nacho kabla ya kupasha mwili moto. Mgongo ukaumia vibaya sana. Madaktari wakamwambia hatapiga teke tena maishani. Alilala kitandani kwa miezi, lakini hakukaa bure. Alisoma, akaandika, kisha akarudia mazoezi pole pole. Mwaka 1971 akaigiza The Big Boss, na jina lake likavuma. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 baada ya ubongo wake kuvimba, akiwa na miaka 32 tu.

Je, sisi tunajifunza nini? Wenzetu wengine wakiamka hurusha mateke nyuma ya bweni, baridi ya asubuhi ingali mwilini. Jameni, hiyo ni hatari! Kwanza zunguka uwanja mbio za taratibu, ruka kamba, nyosha misuli. Ndipo urushe ngumi na teke hewani, si kwa mwenzako. Sisi wa nchi ya majani chai tuna milima na hewa safi, basi pumzi tusikose. Haraka haraka haina baraka, na mgongo ni mmoja tu.